Lornah Nasambu na Gari Dogo la Ja-Asembo

Watu wa soko la Kibuye, mjini Kisumu, walimjua Lornah Nasambu kwa vyerehani. Cherehani chako kikianza kuruka mishono au kukata uzi, ulikibeba hadi kwenye veranda ya stoo ya mahindi nyuma ya soko, ukamkuta mama huyo ameketi kwenye kigoda, miwani imemteremka puani, bisibisi zimechomekwa kwenye kilemba kama karani anavyochomeka kalamu sikioni. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu na sauti ya chini. Hakuwa na maneno mengi akiwa kazini. Ukimwuliza kama mashine itapona, alikujibu, "Wacha kwanza tuongee na yeye," akimaanisha mashine yenyewe.

Ufundi huo aliupata kiwandani. Alikuja Kisumu mwaka wa themanini na moja akitokea upande wa Kimilili, mke mchanga wa Wakhisi, aliyekuwa akifanya kazi karakana ya reli. Yeye akaandikwa kazi katika kiwanda cha nguo, mwanzoni kuokota nyuzi zilizoanguka chini ya mitambo. Msimamizi mmoja aliona jinsi alivyokuwa akiinama kuchungulia mashine ikifunguliwa, akampa bisibisi. Wakhisi alipofariki, ndugu zake walitaka arudi nyumbani, naye akakataa kwa adabu. Alibaki mjini na binti yake mmoja, Nakhungu. Halafu kiwanda kikaanza kupunguza watu. Lornah akatoka getini na mkebe wake wa vifaa, siku ya tatu akawa kwenye ile veranda.

Mwaka wa tisini na sita, msimu ambao magugu maji yalikuwa yamelifunika ziwa hadi mashua zikashindwa kutoka gatini, alifika pale mwanamume mrefu, mkono wa kulia ameutia mfukoni, na chini ya kwapa la kushoto amebeba katoni iliyofungwa kwa kamba ya katani.

"Mama, habari ya kazi?"

"Kazi iko, Baba. Umeleta kichwa ya cherehani?"

"Hapana. Lakini ni mashine pia. Iko na skrubu ndogo ndogo sana, na mimi sina vidole ya kuzishika."

Akautoa mkono mfukoni. Kilichobaki kilikuwa kidole gumba na kidole cha mwisho, na katikati yake ngozi iliyojikunja, laini na inayong'aa. Lornah aliutazama bila kugeuza uso, kisha akasogeza kigoda cha pili.

Jina lake lilikuwa Gordon Oduor, mtu wa Asembo Bay, au Ja-Asembo kama Wajaluo wanavyosema. Alikuwa fundi wa injini za meli, akasafiri bahari nyingi, mpaka ajali ikamrudisha nyumbani. Ndani ya katoni mlikuwa na gari. Si la kuchezea watoto, ingawa urefu wake haukuzidi mkono wa mtu mzima kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Lilikuwa gari la mashindano, la kuongozwa kwa redio kutoka mbali, na chini ya gamba lake jembamba la plastiki mlikuwa na injini ya kweli: pistoni, kabureta, klachi, breki, ekzosi. Alilinunua bandarini huko Asia, mwaka mmoja kabla ya ajali, na tangu arudi halikuwa limeguswa.

"Nimelipeleka kwa mafundi wawili wa magari," alisema. "Wa kwanza alicheka. Wa pili akaenda kuchukua spana ya lori."

Lornah akacheka pia, akafuta mikono kwa kitambaa, akaomba aonyeshwe skrubu ya kwanza ni ipi.

Injini ilikuwa imekwama. Mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na kileo, yale ambayo injini hizo hunywa badala ya petroli, yalikuwa yamekauka ndani na kugeuka gundi. Gordon alimkataza kupiga nyundo. "Inataka joto kidogo tu," alisema. "Joto ya maji." Lornah akawasha jiko la makaa na kuweka sufuria. Aliponyanyua macho, Gordon hakuwa kwenye kigoda. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, amelipa jiko mgongo, na hakurudi mpaka alipoona sufuria imeepuliwa na makaa yamefunikwa na majivu. Lornah aliifunga injini ndani ya mfuko wa plastiki, akaitumbukiza kwenye maji ya moto, akaitoa, akashika gurudumu lake dogo kwa kitambaa na kulizungusha polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo. Mara ya kwanza halikusogea, na ya pili halikusogea. Hatimaye likazunguka, na injini ikatoa pumzi kama mtoto anayeota.

"Nyasaye," alisema Gordon, akimtaja Mungu kwa lugha yake. Alikaa chini akitabasamu, na Lornah akaona kwamba mtu huyo hakuwa mzee hata kidogo.

Tangu siku hiyo Gordon akawa anakuja kila alasiri, wateja wa vyerehani wakipungua. Yeye alieleza, Lornah akashika vifaa. Alimfundisha kwamba injini mpya au iliyolala sana haikimbizwi. Inalishwa mafuta mengi kwanza, inazungushwa taratibu, inaachwa ipoe, inarudiwa. Alimwonyesha plagi ndogo yenye waya uliosokotwa, ambao unapashwa kwa betri mpaka uwe mwekundu, kisha injini ikishika unajiwakia wenyewe. Kazi hiyo ya kupasha plagi alimwachia Lornah kila mara. Na kila mara, kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia, alitaka pawe na ndoo ya maji na gunia lililoloweshwa.

"Gunia ya nini, Ja-Asembo? Hapa hatuchomi mkaa."

"Wewe weka tu, Mama Nakhungu."

Akaweka. Aliona ni usumbufu, lakini aliweka.

Siku gari lilipoguruma mara ya kwanza, soko zima lilitoka kutazama. Sauti ilikuwa kali, kama pikipiki iliyonaswa ndani ya chupa, na moshi wa samawati wenye harufu tamu ukaelea juu ya magunia ya mahindi. Lornah alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu atoke kiwandani. Mashine iliyokuwa imekufa ilikuwa hai kwa mikono yake, na yeye bado hakuifahamu vizuri. Kulikuwa na kitu kipya cha kujifunza, na umri wake ulikuwa unaikaribia arobaini.

Labda ndiyo maana alijitia haraka. Kabureta ya gari lile ina sindano, skrubu nyembamba inayopima mafuta. Ukiikaza, mafuta yanapungua, hewa inazidi, na gari linakuwa jepesi na la kasi. Alasiri moja Gordon hakuwa amefika, naye Lornah akaona aikaze kidogo. Gari likaruka. Akaikaza tena. Likapiga mbiu nyembamba, likapita mbele ya stoo kama jiwe la manati, moshi wote umetoweka. Halafu likanyamaza katikati ya njia.

Gordon alipofika alilowesha kidole kwa mate na kugusa kichwa cha injini. Mate yalikauka kwa mlio.

"Mafuta yake ndiyo chakula, na ndiyo inamtuliza joto," alisema. "Ukiona hakuna moshi, ujue huyo anakufa."

Pistoni ilikuwa imekwaruzika pamoja na silinda yake. Lornah alianza kukusanya bisibisi zake kilembani, moja moja, akimwambia kwa sauti ndogo kwamba amtafute fundi mwingine, kwamba yeye ni mtu wa vyerehani tu. Gordon akamshangaa.

"Mama, mimi niliwahi kuua injini kubwa kama hii stoo, na tena baharini. Wakanipa ingine. Kesho tutatafuta pistoni."

Neno hilo Lornah alilibeba hadi nyumbani Migosi, akamsimulia Nakhungu wakipika. Kiwandani, mtu akiharibu sindano moja alikemewa mbele ya wote. Hapa ameua injini nzima na ameambiwa kesho.

Kesho yake walikwenda kwa Bwana Kulwant, Singasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene, mcheshi, mwenye kilemba cha rangi ya machungwa. Kulwant na marafiki zake walikuwa na kikundi cha magari kama hayo. Walishindana kwenye uwanja wa kuegesha magari wa klabu yao, ambao lami yake ilikuwa safi. Gordon alikuwa amesikia habari zao lakini hakuwa amejitokeza. Kulwant alisikiliza, akaingia stoo, akarudi na kijisanduku kilichokuwa na pistoni na silinda yake, vipya kabisa.

"Chukua," alisema. "Mimi niliweka kwa ajili ya gari yangu, lakini yangu bado mzima. Nyinyi mkikaa nje, mimi nitashindana na nani? Kila mwaka hawa watu wangu wanaendesha kama wamelala. Mama, wewe ndiye fundi?"

"Mimi ni mikono tu. Kichwa ni huyu."

"Basi mmekamilika," akasema Kulwant, akawamiminia chai.

Wakalijenga upya. Injini ilipewa pistoni yake na kuzoezwa polepole, safari hii Lornah akiiangalia kama mama anayelisha mtoto mgonjwa uji. Magurudumu yalikuwa yakizunguka kwenye vikombe vya plastiki vilivyolika. Wakaviondoa na kutia beringi, ndogo kuliko shilingi, ambazo Kulwant aliagiza pamoja na zake. Joto la Kisumu lilikuwa kali kuliko huko gari lilikotengenezwa, kwa hiyo Lornah alimwendea Waliaula, rafiki wa marehemu mumewe, fundi wa kukereza vyuma. Waliaula akachukua pistoni kuukuu ya lori, akaikereza ikawa kichwa kipya cha injini chenye mapezi marefu ya kupozea. Alipoambiwa ni ya gari la ukubwa gani, alicheka hadi akafuta machozi, lakini akaing'arisha vizuri na kusema, "Hii ni ya Wakhisi. Angekuwa hapa angeifanya yeye."

Kichujio cha hewa nacho walikishona wenyewe. Vumbi la murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, likiingia ndani ya injini ndogo namna hiyo linaisaga kama msasa, basi Lornah alikata sponji katika tabaka mbili, akaishona pembeni kwa mkono, akailowesha mafuta ili vumbi linase. Mikanda ya mpira iliyopeleka nguvu magurudumu ya mbele na ya nyuma ilimpa raha, kwa sababu mikanda aliijua: isilegee ikaruka, isikazwe ikala beringi. Lakini shokapu zilimshinda kwanza. Alizijaza mafuta ya cherehani, na gari likarukaruka barabarani kama panzi. Gordon alicheka akaegemea ukuta. Wakatafuta mafuta mazito zaidi, na gari likatulia.

Kila jioni baada ya mazoezi walimaliza mafuta yote tangini, wakafungua plagi na kudondosha matone machache ya mafuta laini ndani. Kile kileo hunyonya unyevu, na hewa ya ziwani ina unyevu wa kutosha kutia kutu usiku mmoja. Lornah hakuwahi kusahau. Hata akiwa na homa alimtuma Nakhungu akahakikishe.

Jumamosi moja walilipeleka gari Asembo Bay. Kule gatini palikuwa na sakafu pana ya saruji ya kupokelea samaki, na kwa kuwa magugu yalikuwa yamezuia mashua, ilikaa tupu. Mama yake Gordon, Mama Selpha, alikuja kutazama akiwa amejifunga lesu kifuani. Alikuwa mjane mwenye uso mkali. Alimsalimu Lornah kwa ufupi, akasimama kando.

Gordon alishika rimoti. Mkono wa kushoto ulibonyeza kifyatulio cha mwendo, na kile kidole gumba na kidole cha mwisho cha kulia vilitosha kabisa kuzungusha kigurudumu cha usukani. Gari likazunguka sakafu ile likichora miduara, likapunguza mwendo, likapinda, likanyooka tena. Wavuvi wasio na kazi wakaanza kupiga kelele kila lilipopita. Ndipo Gordon akacheka, kicheko kikubwa kilichotoka tumboni.

Mama Selpha alimgeukia Lornah. Uso wake ulikuwa umelegea.

"Unasikia?" aliuliza. "Huyo ni mtoto wangu. Tangu arudi, ananiambia habari ya asubuhi, habari ya jioni, basi. Hata jikoni haingii. Chakula anakula nje kama mgeni." Akamshika Lornah mikono yote miwili na kuitazama, akaigeuza viganja juu. "Erokamano, nyara. Asante, binti yangu."

Walirudi mjini na kikapu cha samaki wa kubanika, na Lornah, ambaye mamake alikuwa amefariki kitambo, alilifikiria neno hilo, binti, njia nzima.

Mashindano makubwa ya kikundi yalikuwa Siku ya Madaraka, mwaka wa tisini na saba. Walikuja waendeshaji kutoka Nakuru na wengine kutoka Kampala. Njia ilichorwa kwa chokaa, kona zikawekewa matairi, na madereva wakapanda juu ya lori lililoegeshwa ili waone njia yote. Chini, kando ya njia, kila gari lilikuwa na mtu wake wa kulijaza mafuta. Wa Gordon alikuwa Lornah, mwanamke pekee pale, amevaa sweta lake jepesi la nailoni. Kwenye meza yake palikuwa na chupa ya kujazia na vifaa, na chini yake ile ndoo na lile gunia.

Mbio za mchujo zilikwenda vizuri. Katika fainali gari lao lilianza polepole, kisha likawa linapanda. Lilikamata la Nakuru kwenye kona, likalifikia la Kampala. Mbele lilibaki la Kulwant peke yake. Watu walikuwa wakiimba jina la Asembo. Gordon akaliingiza gari kujaza mafuta, Lornah akalinyanyua, akafungua kifuniko cha tangi, akaingiza mdomo wa chupa na kubinya. Kifuniko kilikuwa na springi. Mtu nyuma yake alisukumwa na umati, akamgusa kiwiko. Kifuniko kikajifunga na kuusukuma mdomo wa chupa, na mafuta yakamwagika juu ya ekzosi iliyokuwa moto.

Hakuona kitu. Jua la saa tisa lilikuwa likiwaka juu ya lami, na mafuta yale yakishika moto mwale wake hauonyeshi rangi mchana, unakuwa mtupu kama hewa. Lornah alihisi tu kama siafu wamemwingia mkononi. Alitazama mkono wa sweta lake, akaona unajikunja na kuyeyuka, bila moto, bila moshi. Akasimama akiutazama, hajui afanye nini na kitu kisichoonekana. Waliokuwa karibu walidhani amejichoma kwenye injini, wakamwambia apulize.

Gordon, juu ya lori, aliona hewa ikitetemeka juu ya mkono wa Lornah na rangi ya gamba la gari ikifanya mapovu. Alijua ni nini.

"Moto!" alipiga yowe. "Anaungua! Moto!"

Watu wakageuka huku na huku wakiuliza uko wapi. Gordon alikuwa tayari ameruka. Aliangukia magoti, akainuka, akapenya katikati ya watu, akalinyakua gunia lililolowa kwa ule mkono wake wenye vidole viwili, akamzungushia Lornah mkono mzima tangu bega hadi kiganjani na kuukumbatia kifuani kwake. Mwale uliruka ukamlamba ndevu. Hakumwachia. Alimbana namna hiyo akisema, "Tulia, Mama, tulia, nimekushika," mpaka gunia likaacha kufuka mvuke. Kulwant aliacha rimoti yake, gari lake likaenda kugonga matairi. Akaja mbio na ndoo na kuimwaga yote juu ya gari lililokuwa likiungua mezani.

Ilipokwisha, Gordon alikaa chini kwenye lami iliyolowa. Kisha akalia mbele ya watu wote. Kulwant akapiga magoti kando yake na kumshika bega.

Lornah alilazwa hospitalini. Mkono ulikuwa umeungua kutoka kiwikoni hadi kifundo, lakini daktari alisema vidole vimesalimika, na kwamba gunia lingechelewa kidogo angekuwa anasema maneno mengine. Lornah alikunja vidole vyake kimoja kimoja chini ya bandeji, akamshukuru Mungu kwa kila kimoja.

Siku ya pili Gordon alikuja na mamake. Mama Selpha alipotoka kutafuta maji ya kunywa, Gordon alivuta kiti.

"Kuna kitu sijakuambia," alisema. "Kule melini tulikuwa wawili kutoka kwetu, mimi na Obiero. Tumesoma pamoja, tumesafiri pamoja. Moto ulianza chumba ya injini. Mimi nilikuwa karibu na mlango, nikatoka, mkono ukabaki kwenye chuma. Nilisikia Obiero ananiita. Nikajiambia nirudi. Miguu ikakataa. Wengine walimtoa, lakini alikuwa ameenda. Miaka hii yote najua miguu yangu ni ya kukimbia. Jana, Mama, sikufikiria. Ilienda yenyewe. Nataka kukushukuru."

Lornah alimtazama. Macho yalimjaa machozi, na wakati huohuo kicheko kilimpanda.

"Ja-Asembo, wewe unanishukuru mimi? Mimi ndiye nimeungua, na wewe ndiye umenizima!"

Mama Selpha aliporudi na maji aliwakuta wote wawili wanacheka na kufuta macho, na nesi amesimama mlangoni anawaomba wapunguze sauti.

Hakuna aliyepewa kombe siku ile ya Madaraka. Kulwant alitaka kulipeleka kwa watu wa Kampala, na watu wa Kampala wakakataa, wakasema fainali haikuisha na wao watarudi. Kila mmoja wao alipita hospitalini kabla ya kusafiri, mwingine na machungwa, mwingine na mkate. Yule mtu aliyesukumwa na umati alikuja akiwa ameinamisha kichwa. Lornah akamwambia aketi ale chungwa.

Gari lilikuwa limebaki mifupa. Gamba liliyeyuka, mikanda ikakatika, waya za redio zikashikana. Bandeji ilipotolewa na ngozi mpya ikaanza kukaza, daktari alimwambia Lornah afanye mazoezi ya vidole kila siku. Alichagua mazoezi yake mwenyewe. Alikaa kwenye veranda na kufungua skrubu moja baada ya nyingine, kuosha, kukagua, kurudisha. Siku za kwanza zilimuuma hadi jasho likamtoka. Wateja wa vyerehani walingoja bila kulalamika, wengine wakaleta maziwa. Nakhungu alipaka gamba jipya rangi ya kijani na nyeupe. Injini, chini ya kichwa kile alichokereza Waliaula, haikuwa imeguswa na chochote.

Na alasiri moja Lornah alipotaka chai, aliona Gordon ameinama mbele ya jiko, anapanga makaa kwa mkono wa kushoto. Kiberiti kilimzimikia mara kadhaa. Lornah akajifanya ana shughuli na mkanda. Chai ilipochemka walikunywa wakazungumza habari za mvua.

Fainali ilirudiwa mwezi wa Agosti. Kulwant alishinda, gari la kijani na nyeupe likafuata nyuma yake, na Kulwant akashuka kwenye lori akiruka kama kijana, akisema hajawahi kuogopa hivyo maishani. Safari hii vifuniko vyote vya matangi vilikuwa vimefungiwa kamba ya kuvishikilia wazi, na kila meza ilikuwa na gunia lake limelowa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole lakini vizuri. Gordon alipata kazi ya kufundisha injini katika chuo kidogo cha ufundi upande wa Kombewa, akiishi karibu na mamake. Lornah alibaki na vyerehani vyake, na kuongezea magari yote ya kikundi cha Kulwant, yaliyomfikia kwenye veranda kwa zamu, kila moja na ugonjwa wake.

Jumapili moja karibu na Krismasi, katika kanisa lao la Waquaker, kiongozi aliuliza nani ana neno la shukrani. Lornah hakuwa na desturi ya kusimama. Alisimama. Alisema anamshukuru Mungu kwa kazi, kwa mtoto, kwa mkono. Halafu akasita, akasema anamshukuru pia kwa gari dogo, na kwa mtu aliyelileta, na kwa Mhindi aliyetoa pistoni yake, na kwa mama mmoja wa Asembo aliyemwita binti. Watu walitazamana. Wengi hawakuelewa gari gani. Bibi mmoja mzee kwenye benchi ya mbele akauliza kwa sauti, "Umenunua gari, Nasambu?"

Kanisa lilicheka, naye akacheka pamoja nao. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, mvua ya kumzuia kila mtu ndani. Kiongozi akatazama dirishani, akafunga Biblia yake, akamwambia, "Basi tuna wakati, dada. Tueleze vizuri."

Lornah akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya lesu yake, akawaeleza tangu mwanzo.